Mradi Si Chenu

Muhula ule wote Saoudat alihangaishwa na neno moja la Kiingereza ambalo wanafunzi wake walikataa katakata kulitoa midomoni. Neno lenyewe ni "thrive". Si neno gumu. Maana yake ni kustawi, kunawiri, mambo kumwendea mtu vizuri hata leo yake ikaishinda jana yake. Huambiwa mti, huambiwa mtoto, huambiwa biashara na hata mji mzima. Aliliandika ubaoni, akalieleza kwa Kingazija, akarudia kwa Kifaransa kwa ajili ya wale wenye kujidai, akachora hadi mgomba wenye mkungu mnene. Wakaelewa. Hapo ndipo palipomuudhi hasa: walielewa vizuri sana, na bado hakuna aliyekubali kulitumia.

Kiingereza chake alikitoa Unguja, alikozaliwa na kusomeshwa, kabla ya mama yake, Bi Batoul, kufunga mizigo baada ya mapinduzi na kumrudisha kwao Mutsamudu. Walimu wa Kiingereza walikuwa adimu Ngazija. Wizara ilipopata habari zake ikamnyakua, ikamvusha bahari hadi Moroni, mji mkuu, kufundisha shule ya sekondari. Kwa muda tu, walimwambia. Muda huo ulikuwa umeshaota ndevu.

Na Mutsamudu alikuwa amemwacha mtoto. Baba wa mtoto, Salimou, alikwenda Marseille kutafuta maisha, akayapata, pamoja na mke mwingine. Mwanzoni Saoudat alimchukua binti yake Zalifa hadi Moroni, wakakaa katika chumba cha kupanga mtaa wa Badjanani, mtoto akashikwa na homa isiyosikia dawa, na Bi Batoul akaja mwenyewe kwa meli kumchukua mjukuu wake. Hakuuliza. Alisema tu kwamba mtoto wa kike halelewi katika nyumba ya watu ilhali kwao kuna nyumba, na nyumba yenyewe ni ya mama yake. Alisema kweli. Kwa desturi ya visiwa vile nyumba ni ya binti, na ile ya mawe ya Mutsamudu, yenye zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vikombe vya Unguja vya ukingo wa dhahabu vya kunyweshea wageni, ilikuwa ya Saoudat tangu siku aliyoolewa. Ni yake, na yeye haishi humo. Ukilifikiria jambo hilo sana unaweza kupiga ukuta ngumi.

Zalifa sasa alimwita bibi yake "mama". Saoudat mwenyewe aliitwa "Mama Moroni", kama mtu anavyotaja shangazi wa mbali. Mara ya kwanza alipolisikia, Saoudat alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda uani kuosha uso.

Basi kila likizo ilipokwisha alikwenda kwa mkaguzi wa shule, Bwana Bourhane, kuomba uhamisho. Bwana Bourhane alikuwa mtu wa kanzu nyeupe isiyojikunja na sauti ya upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. Hakukataa hata mara moja. "Tutaangalia, Madamu," alisema. "Mwenyezi Mungu akipenda." Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamuulizia hali ya mama yake, na mlango ukafungwa taratibu. Saoudat aliomba siku moja amtukane waziwazi, angalau ajue amesimama wapi.

Mwaka ule, ajabu, ni mkaguzi aliyemwita yeye. Alimkalisha, akamwagizia chai.

"Madamu," alisema, "kuna mgeni atakuja kusikiliza somo lako. Ukinitoa aibuni siku hiyo, utarudi kwa mama yako Mutsamudu na idhini mkononi. Nakupa neno langu."

"Mgeni gani, Bwana?"

"Mista."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Zilikuwa zama za askari wa kukodiwa. Walishuka pwani usiku mmoja wa mwaka 1978, wakamng'oa mkubwa wa nchi aliyekuwapo, wakampisha mwingine, kisha wakabaki wao kuwa walinzi, wazungu wenye sare nyeusi, na mji ukajifunza kupunguza sauti wanapopita. Miaka ilivyokwenda walijenga kambi, wakaoa, wakalima mboga na kufuga kuku juu huko penye ubaridi. Huyo Mista alikuwa Kaburu wa Afrika Kusini aliyewaletea vifaranga na chakula cha kuku. Jina lake lilishinda ndimi za watu, kwa hiyo Moroni nzima ilimwita Mista. Sasa alikuwa ameipa shule sanduku la vitabu vya Kiingereza, na alitaka kuona vinavyosomwa.

Mkaguzi aliweka sharti moja. Somo litoke katika kitabu cha mgeni, tena ukurasa wa mwanzo kabisa, ili mgeni autambue.

Ukurasa wenyewe ulikuwa na picha ya baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wamesimama mbele ya nyumba kwenye majani mabichi, wananenepa kwa raha. Chini yake yameandikwa maelezo: baba amestawi, biashara yake imestawi, watoto wamestawi, maua bustanini yamestawi. Kisha zoezi: mwanafunzi naye aseme habari za familia yake kwa neno lile lile.

"Haya, Soulé," alisema Saoudat siku ya kwanza. "Baba yako."

Soulé alikuwa mtoto wa mvuvi wa Vouvouni, kijana mrefu mwenye sauti nzito, asiyejua aibu katika jambo lolote jingine. Alisimama. "Baba yangu yupo, Madamu."

"Sikukuuliza kama yupo. Amestawi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Sema kwa Kiingereza, na sema neno la ubaoni!"

Soulé alitazama ubao, akatazama dirisha, akakaa. Saoudat alimgeukia Mariamou, msichana mwenye akili kuliko wote darasani, ajaye kila asubuhi kwa taksi kutoka Ikoni. Mariamou alisimama kwa adabu, mikono mbele.

"Mama yangu ana mimba changa, Madamu," alisema polepole. "Unataka nisimame mbele ya watu wote hawa niseme amestawi?"

Saoudat akajua mara moja kwamba darasa zima liko upande wa Mariamou. Hata yeye, kwa upande mmoja, alikuwa huko. Tangu utotoni amefundishwa vivyo hivyo. Mtoto mzuri huambiwa mbona amekonda hivi. Duka likijaa wateja mwenyewe hulalamika kwamba siku hizi hakuna biashara. Mtu akiulizwa hali husema anasukuma tu, hata kama kashiba hadi kucheua. Ukimsifu wa kwako bila kumtaja Mungu umemfungulia mlango hasidi. Jicho linaingia, na kesho mtoto ana homa. Haya si mambo ya kubishana. Lakini yeye hakuomba wanafunzi wabishane, aliomba sentensi! Kiingereza ni Kiingereza, alijiambia, hasidi wa Moroni hakijui.

Aliwaambia hivyo. Wakacheka, wala hawakusadiki.

Siku zikawa zinakwenda. Alijaribu kila hila. Aliwapa neno pamoja na shukrani, wakakubali shukrani wakaacha neno. Aliwaambia waseme habari za jirani. Wakasema jirani naye ni mtu, atajisikiaje? Aliwaambia waseme habari za mnazi wa babu. Mwenye mnazi akasema mwaka jana mgeni mmoja aliusifu mnazi mwingine, na hadi leo hautoi hata kidaka cha nazi. Jioni Saoudat alirudi chumbani kwake na kichwa kinamgonga, akakaanga shelisheli, akala bila kuisikia ladha yake. Akilini alimwona Zalifa akikimbia katika vichochoro vya Mutsamudu, na katikati yake na mtoto wake alimwona Bwana Bourhane na upole wake, na katikati yake na Bwana Bourhane yuko Soulé wa Vouvouni, mdomo kaufumba.

Mkesha wa siku yenyewe alipandwa na hasira kweli.

"Mnajua nini kitanipata mimi kesho mkikaa kimya?" alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Nina mtoto. Nina mtoto Mutsamudu anayeniita kwa jina la mji. Mimi siwaombi mali, nawaomba neno moja! Msimtaje mama, msimtaje baba, sawa, wekeni wenu ndani, mfunge mlango. Semeni habari ya kitu chochote mnachotaka. Chochote, mradi si chenu!"

Walimtazama. Mariamou alikuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ambao ulikuwa wazi muda wote.

"Chochote kisicho chetu, Madamu?"

"Chochote."

"Ah," alisema Mariamou. "Hicho tunacho."

Saoudat angeuliza ni kipi. Lakini kengele ililia, naye alikuwa amechoka.

Asubuhi walikuja. Mbele Bwana Bourhane, kanzu yake inang'aa, nyuma yake mkuu wa shule, halafu Mista, mtu mnene wa uso mwekundu na kaptura ya khaki, anamsalimia kila mtu kwa kumpa mkono, mkubwa kwa mdogo. Wa mwisho alikuwa askari mmoja wa kukodiwa, Mfaransa, aliyemleta Mista kwa gari la kambini. Hakuketi. Alisimama mlangoni na bastola yake kiunoni, akawasha sigara. Bwana Bourhane hakujua Kiingereza, mkuu wa shule hakujua, na askari yule kwa sura yake hakuwa na haja ya kukijua.

Saoudat alifungua kitabu penye picha ya familia nono. Mista akaiona, akafurahi. Saoudat akaeleza neno, akaligonga ubaoni kwa rula, akauliza kwa Kiingereza ni nani atakayeanza. Alikuwa amejiandaa kwa kimya. Mikono ikainuka darasa zima.

Mariamou alisimama. Kwa Kiingereza safi, bila kigugumizi, alisema: "Kuku wa askari wamestawi."

Kila mtu pale Moroni aliwajua kuku wale. Mayai yalikuwa yakipita mjini kwenye gari, trei kwa trei, kuelekea kambini, na sokoni Volovolo mama wa mgonjwa alizunguka akitafuta yai moja asilipate. Saoudat alitupa jicho mlangoni. Askari alipuliza moshi. Kisha Mista akapiga makofi.

"Vizuri sana!" alisema. "Ni kweli! Kuku wale ni wangu!"

Akamgeukia Bwana Bourhane na kumweleza kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika kwamba watoto wamewasifu kuku wake. Bwana Bourhane akatabasamu. Basi tena, ni nani wa kulizuia darasa? Watoto waliomfumbia mdomo muhula mzima walikuwa wakining'inia kwenye madawati.

"Mbwa wa askari wamestawi," alisema mmoja. "Wanakula nyama kila siku."

"Ng'ombe wa askari wamestawi."

"Nyumba za askari zimestawi. Zina umeme usiku kucha."

Hawakuwa wakifanya mzaha, na hilo ndilo lililomtisha Saoudat. Aliwatazama nyuso. Walikuwa watoto watiifu wanaotii amri ya mwalimu wao: kitu chochote, mradi si chenu. Neno lile zito, wasilothubutu kulitua juu ya mama zao wala juu ya mnazi wa babu, walikuwa wamepata mahali pa kulitua, nao walilitua lote, bila kumtaja Mungu hata mara moja. Kama jicho litakuja, na lije. Halitagonga kwao.

Soulé alisimama na sauti yake nzito. "Kapteni wa askari amestawi," alisema. "Tumbo lake limestawi. Mke wa kapteni pia ame..."

Mariamou akamfinya ubavuni. Mke wa kapteni alikuwa binti wa Ikoni, mtoto wa mama yake mdogo Mariamou. Huyo ni wetu. Soulé akameza mate, akajirekebisha kwa haraka: "Mke wa kapteni hajambo tu, tunamshukuru Mungu."

Mista alicheka mpaka akafuta machozi. Hakuona kitu chochote humo isipokuwa watoto wanaofurahia neema ya wenzao. Bwana Bourhane alicheka kwa sababu Mista amecheka, mkuu wa shule akacheka kwa sababu ya Bwana Bourhane. Askari mlangoni alizima sigara yake ukutani. Saoudat alisimama katikati ya kicheko hicho, akahesabu kwamba imekwisha, amevuka, mbele yake hakuna kitu tena ila Mutsamudu.

Hapo Mista akamgeukia yeye.

"Na wewe, Mwalimu?" aliuliza kwa Kiingereza, kwa wema wake wote. "Tusikie sentensi yako. Wewe mwenyewe umestawi?"

Jibu la haki lilikuwa tayari ulimini mwake, lile alilomsikia mama yake akilitoa kila siku ya maisha yake: twasukuma tu, Mungu asifiwe. Lakini alimwona Bwana Bourhane akimtazama kwa jicho la kungoja, na akafikiri kwamba hiki ndicho kizingiti cha mwisho, kwamba mgeni anataka kusikia mwalimu akilitumia neno alilolifundisha, na kwamba wanafunzi wote wametoa sentensi zao na yeye hataki kuwa mwoga kuliko wao. Kwani neno ni nini? Ni mdomo tu. Aliona mlango wa nyumba ya mawe, aliona zidaka na vikombe.

"Ndiyo," alisema kwa Kiingereza. "Nimestawi."

Mariamou aliinamisha kichwa, na midomo yake ikacheza. Alikuwa akimtaja Mungu kwa niaba ya mwalimu wake.

Mista alisimama, akampa mkono wa nguvu, kisha akamwelekea Bwana Bourhane na kumwaga Kifaransa chake chote. Saoudat alikisikia vizuri. Mwalimu huyu ni johari. Mwanamke huyu amestawi hapa, amesema mwenyewe. Mti uliostawi haung'olewi. Ataleta sanduku jingine la vitabu, ataleta mawili, na kambini wapo vijana wanaohitaji kujifunza Kiingereza jioni. Wasije tu wakampoteza mwalimu kama huyu.

"Ah, hapana," alisema Bwana Bourhane. "Hatumpotezi."

Saoudat alimfuata hadi uani, mbele ya gari la kambini, huku akiona haya namna anavyokimbia.

"Bwana Bourhane. Uliniahidi."

"Madamu, na mimi nilikuwa na nia njema kabisa, Mungu shahidi." Sauti yake ilikuwa pamba tupu. "Lakini ulimsikia mwenyewe. Nitampelekea nani mwingine sasa? Na wewe hukulazimishwa. Umesema mbele ya watu kwamba umestawi hapa. Mtu aliyestawi anahamishwa kwenda kutafuta nini?"

"Nilikuwa natoa mfano wa sentensi!"

"Ulikuwa mfano mzuri sana." Akamfungulia Mista mlango wa gari. "Tutaangalia, Madamu. Mwaka ujao. Msalimie mama."

Gari likaondoka. Alitamani kuokota jiwe. Moroni mawe ni tele, meusi, ya volkano, mepesi kushika, na lake lingempata Bwana Bourhane pale pale kwenye kofia. Badala yake alirudi darasani kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha. Wanafunzi walikuwa wameketi na madaftari yao, wanasubiri wasifiwe. Akawasifu. Aliwaambia wamefanya vizuri kuliko alivyotarajia, nao wakafurahi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa.

Likizo ilipofika alipanda ndege ndogo mpaka Ouani, akachukua taksi mpaka mwanzo wa mji. Mutsamudu huingii na gari. Alibeba mkoba wake kichochoro kwa kichochoro, chini ya ile ngome ya zamani, akiwasalimia wazee barazani na wanawake waliokaa madirishani, na kila aliyemuuliza hali alimjibu kwamba anasukuma. Safari hii halikuwa neno la kinga. Ilikuwa kweli.

Bi Batoul alimpokea mlangoni, akamshika uso kwa mikono miwili. Sebuleni alikuwapo jirani yao, Bi Zainaba, anashona kofia. Saoudat aliketi mkekani, akavua viatu, akasimulia yote: kitabu, kuku, mbwa, Mista. Penye kuku, wale wazee wawili walicheka hadi Bi Zainaba akajichoma sindano. Penye jibu lake mwenyewe hawakucheka.

"Ulisema hivyo?" aliuliza mama yake. "Kwa mdomo wako?"

"Nilidhani ndivyo wanavyotaka, mama."

"Ndivyo walivyotaka, ndiyo." Bi Batoul alitikisa kichwa. "Nimekusomesha Kiingereza, mwanangu. Nilidhani mengine huhitaji kusomeshwa."

Saoudat alitaka kujibu kwa ukali. Alitaka kusema kwamba si hasidi aliyemweka Moroni, ni mkaguzi mmoja asiye na uso wa kukataa. Lakini nje palisikika miguu midogo ikipanda ngazi mbiombio, na Zalifa akaingia kutoka chuoni, ubao wake wa Kurani kwapani, buibui dogo limemteleza kichwani.

Saoudat hakuwa amemwona tangu Idi. Mtoto alikuwa amerefuka. Mashavu yamejaa, meno mapya mawili yametokea mbele, nywele zimesukwa na kupakwa mafuta zikang'aa, na alisimama pale mlangoni kwa miguu miwili imara ya mtoto aliyelishwa vizuri, akalazwa mapema, akapendwa kila siku na mtu aliyekuwapo. Furaha na uchungu vilimpanda Saoudat kwa pamoja, na neno likamtoka kabla hajalikamata.

"Ee, mtoto huyu! Amenawiri!"

Sindano ya Bi Zainaba ilisimama. Saoudat akangoja mdomo wake umalizie, useme Mashallah, useme chochote, lakini alikuwa amechelewa. Zalifa alikuwa ameshakimbilia nyuma ya bibi yake, kashika kanga yake kwa ngumi. Bi Batoul alimpitishia mtoto kiganja usoni, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Alinong'ona jina la Mungu, akatema mate kidogo pembeni. Hakumkaripia Saoudat. Alimgeukia jirani yake, kwa sauti ile ya kuomba radhi ambayo Saoudat aliijua tangu Unguja, anayoitumia mtu mwema kumsitiri mgeni wake asiyejua desturi za nyumba.

"Msamehe, shoga," alisema. "Katoka safarini. Huko kwao Moroni ndivyo wanavyozungumza."

"Hapana neno," alisema Bi Zainaba, akaendelea kushona.

Bi Batoul aliinama, akamsukuma mtoto taratibu. "Nenda, mama. Mpe maji. Mwambie karibu."

Zalifa alikwenda kwenye zidaka za ukutani. Chini yake, kwenye mtungi, palikuwa na kata ya kifuu, ile wanayonywea wote wa nyumbani, na Saoudat aliitazama ile kata. Mtoto hakuigusa. Alivuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono juu kabisa, akashusha kikombe cha ukingo wa dhahabu. Alikijaza, akakileta kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, ulimi nje kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone.

"Karibu, Mama Moroni," alisema.

Saoudat alikipokea kwa mkono wa kulia. Akashukuru, akanywa nusu, akamrudishia.